Utiifu Uliolipwa kwa Ardhi ya Wengine

Kilima cha Salaita si kirefu. Anayesafiri kutoka Voi kwenda Taveta, akishavuka Maktau na Mbuyuni, anaweza kukipita bila kukitambua, kwa sababu milima mikubwa ya Upare na Kilimanjaro ndiyo inayovuta macho. Lakini Februari 12, 1916, kilima hicho kilikuwa lango la vita vyote vya Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914 na kuchimba mahandaki Salaita ili kuziba njia. Siku hiyo Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson aliwatuma watu wapatao 6,000 kukitwaa kilima. Waliokilinda, chini ya Meja Georg Kraut, walikuwa kama 1,300, na wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Nguvu kubwa ya Malleson ilikuwa brigedi ya wazungu wa Afrika Kusini, watu waliotua Mombasa wiki chache tu kabla, ambao hawakuamini kwamba askari Mwafrika angeweza kuwakabili. Mchana ule askari walishuka na singe, na safu ya Waafrika Kusini ikavunjika. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliozuia maafa yasizidi ni Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, waliosimama imara wakalinda kurudi nyuma kwa wenzao na kuiokoa hata bunduki ya rashasha iliyoachwa uwanjani. Kilima kilichukuliwa Machi, bila mapigano makubwa, baada ya Jan Smuts kupitisha jeshi upande wa Chala na Wajerumani kuona kwamba watazungukwa.

Habari hizi husimuliwa kama historia ya kijeshi: mahandaki, makaburi ya Taveta, Voi na Maktau, reli ya vita iliyotandikwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Mimi nataka kuzifuata hadi ofisi ya ardhi. Katika vita vile, Milki ya Uingereza ilihudumiwa na wazungu waliokimbia, Wahindi waliosimama, askari Waafrika wa King's African Rifles waliokuwa sehemu ya jeshi lake, na wapagazi waliobeba maji, risasi na majeruhi wa wote. Wote walikuwa watiifu kwa Mfalme kwa kipimo alichokiweka Mfalme mwenyewe. Basi vita vilipokwisha, kila mmoja alipata nini?

Jibu lilitolewa 1919. Serikali ya Gavana Edward Northey ilitenga zaidi ya ekari milioni 2 kwa mpango wa kuwapa ardhi askari waliostaafu. Kura ikapigwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, na nyingine London. Mashamba madogo yalitolewa bure na makubwa kwa malipo ya muda mrefu. Sharti lilikuwa wazi: mwombaji awe na asili ya Ulaya. Mzungu wa Afrika Kusini aliyetupa bunduki Salaita aliruhusiwa kutia jina lake katika pipa la kura. Baluchi aliyeiokota bunduki hakuruhusiwa. Miaka 4 baadaye, Waraka wa Devonshire wa 1923 ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatatangulia nchini Kenya, kisha ukaziacha Nyanda za Juu zibaki za wazungu peke yao.

Ardhi yenyewe ilitoka wapi? Sehemu yake ilimegwa kutoka hifadhi ya Wanandi, watu waliotoa vijana wengi kwa King's African Rifles. Kijana wa Kinandi aliweza kupigana vita vya Mfalme Tanganyika na Msumbiji, arudi na majeraha na medali, akute malisho ya baba yake yamepigwa vigingi vya mpima ardhi kwa ajili ya ofisa ambaye pengine walikuwa kambi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mahakama ya Nairobi ikaamua kwamba Waafrika ni wapangaji tu katika ardhi ya Ufalme, wakaao kwa hiari ya Ufalme. Kwa hukumu hiyo, utiifu wa Mwafrika haukuweza kumzalia haki yoyote ya ardhi, kwa kuwa mbele ya sheria hakuwa na mahali pa kuisimamisha haki hiyo.

Wapagazi wana hesabu yao, na ni chungu kuliko zote. Sheria ya kuwakusanya kwa nguvu ilipitishwa 1915, na ujira wa wengi ulikuwa rupia 5 kwa mwezi. Idadi rasmi ya waliokufa ilizidi 40,000, nao wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa karibu maradufu au zaidi. Hawakuuawa na risasi kwa wingi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na unga usioiva. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na miaka ya 1930 Hazina ya London bado ilikuwa inabishana kuhusu fedha hizo na hatimaye ikakataa kuzitoa. Mjini Nairobi ilisimamishwa sanamu 1928. Mtaa wa Kariakor mjini humo na ule wa Kariakoo, Dar es Salaam, ilibaki na jina la kikosi chao cha wapagazi. Shamba hawakupewa.

Hapo hatujafika kwa walioitwa si watiifu. Kusini ya Voi, umbali mfupi kutoka Salaita kwa mwendo wa vita vile, uko mlima Kasigau. Wakati Wajerumani walipokuwa wakivuka mpaka kuishambulia reli ya Uganda mwaka 1915, Waingereza waliwashutumu Wakasigau kwamba wamewapa maadui habari. Hakukuwa na kesi. Hakuna mtu mmojammoja aliyesimamishwa akaulizwa. Jamii nzima iliondolewa, nyumba zikachomwa, watu wakasafirishwa hadi Malindi, pwani ya joto na mbu ambayo miili ya watu wa mlimani haikuizoea. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirejea kwao katika miaka ya 1930, na waliorudi wengi wao walikuwa watoto waliokulia uhamishoni.

Fikiria nafasi waliyokuwa nayo. Majeshi mawili ya kizungu yanapigana kwenye mashamba yenu. Doria ya Wajerumani inafika usiku, ina bunduki, inataka maji na kiongozi wa njia. Kesho inafika ya Waingereza, nayo ina bunduki, inauliza jana mlimpa nani maji. Kudai utiifu kwa mtu aliye katika hali hiyo ni kumdai kitu ambacho serikali yenyewe haikumpa nafasi ya kuwa nacho, maana ilishindwa kumlinda. Wakasigau waliadhibiwa kwa udhaifu wa ngome za Waingereza.

Milki hiyo haikuanzia huku kwetu kupima utiifu na kuulipa kwa ardhi. Ilijifunza kazi hiyo Amerika. Makoloni 13 yalipojitoa mikononi mwa Mfalme George wa Tatu, na mkataba wa amani kutiwa saini 1783, watu wapatao 60,000 walioshikamana na Mfalme waliondoka pamoja na watumwa waliowamiliki. Nusu hivi walipelekwa Nova Scotia, na wingi wao ukafanya koloni jipya la New Brunswick likatwe mwaka 1784. Kulikuwa na vipimo: askari wa kawaida ekari 100, na ofisa mkubwa hadi ekari 1,000. London iliunda tume ya kusikiliza madai ya mali zilizopotea. Zaidi ya madai 3,000 yalipelekwa, na malipo yakafika takriban pauni milioni 3, fedha nyingi mno kwa karne hiyo. Kwa mzungu mtiifu, Milki iliweka kumbukumbu, ikasikiliza, ikalipa.

Lakini walikuwapo watiifu wengine. Waingereza walikuwa wametangaza, kwanza Virginia 1775 na tena 1779, kwamba mtumwa wa waasi atakayekimbilia upande wao atakuwa huru. Waafrika kama 3,000 waliandikwa katika daftari moja mjini New York na kupakiwa melini kwenda Nova Scotia. Huko walikusanywa Birchtown, penye mawe na baridi. Mashamba waliyoahidiwa yalichelewa miaka, au yalikuwa vipande visivyolimika, au hayakuja kabisa. Mwaka 1784 wazungu waliorudi kutoka vita hivyohivyo waliwavamia na kuvunja nyumba zao, wakisema wanawaharibia soko la kazi kwa kukubali ujira mdogo. Kati ya Weusi waliothubutu kuiendea tume ya madai, walioambulia chochote ni wachache sana.

Mmoja wao, Thomas Peters, aliyekuwa sajini, alisafiri hadi London kulalamika. Jibu alilopewa lilikuwa kuhamishwa tena. Januari 1792 watu wapatao 1,200 walipanda meli 15 chini ya John Clarkson, wakaelekea Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Kampuni iliyowachukua ilikuwa imeahidi ardhi bila kodi, kisha ikadai kodi, na 1800 sehemu yao wakaasi. Ardhi ya Nova Scotia ilikuwa ya Wamikmaq. Ardhi ya Freetown ilikuwa ya Watemne. Mara mbili Milki ilijaribu kumlipa mtiifu mweusi, na mara zote mbili ilimlipa kidogo na kutoka mfuko wa mtu wa tatu ambaye hakuulizwa.

Smuts, jemadari aliyekuja kuichukua Salaita, alikuwa mwenyewe ushahidi wa jambo hili. Miaka 15 kabla alikuwa kamanda wa Makaburu akiwapiga risasi Waingereza. Makaburu walishindwa, wakatia saini mkataba wa Vereeniging Mei 31, 1902, na Uingereza ikaahidi pauni milioni 3 kuwajengea upya mashamba. Katika mkataba huohuo suala la kura ya Waafrika liliahirishwa hadi wazungu watakapojitawala, maana yake liliachiwa wale ambao hawangelikubali. Waafrika wengi walikuwa wamewasaidia Waingereza katika vita hivyo kama wapelelezi, waendesha mikokoteni na walinzi. Muasi mzungu alifidiwa na kupewa serikali. Mtiifu mweusi akakabidhiwa kwa muasi huyo.

Na kuna tawi la habari hiyo lililopita Voi kwa garimoshi. Baadhi ya Makaburu walishirikiana na Waingereza, na amani iliporudi walinyanyapaliwa na ndugu zao kama wasaliti. Mwaka 1908 kundi la familia 58, chini ya Jansen van Rensburg, lilishukia Mombasa, likapanda reli hadi Nakuru, kisha likaburuta magari ya maksai hadi Uasin Gishu. Huo ndio mwanzo wa walowezi wa Eldoret. Nyanda walizopewa zilihesabiwa kuwa tupu. Hazikuwa tupu. Wenyeji walikuwa wamesukumwa na vita na maradhi, na malisho yao yalikuwa yanasubiri mvua na ng'ombe warudi.

Kwa hiyo hadi mwaka 1950 kanuni ilieleweka, ingawa hakuna aliyeiandika: utiifu wa mzungu ni deni ambalo Milki inalazimika kulilipa, utiifu wa Mwafrika ni wajibu wake. Kilichoivunja kanuni hiyo ni vita vya Mau Mau vya miaka ya 1950. Kwa mara ya kwanza Kenya, Waingereza walihitaji Waafrika watiifu kwa kiasi cha kuwalipa ardhi.

Chanzo chake kinaonekana Lari. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali iliwaondoa Wakikuyu waliokuwa Tigoni, ardhi nzuri ya Kiambu iliyozungukwa na mashamba ya wazungu, ikawapa Lari, kwenye baridi ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wengi walikataa. Luka Wakahangara alikubali, akahama na watu wake, akapata eneo zuri, akapata na uchifu. Waliokataa wakafukuzwa na kukosa vyote viwili. Usiku wa Machi 26, 1953, miezi 5 baada ya hali ya hatari kutangazwa, wapiganaji wa Mau Mau na majirani walizichoma nyumba za Luka na za homugadi, yaani walinzi Waafrika wa upande wa serikali. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wanawake na watoto. Kisha homugadi, polisi na askari wakalipiza, wakaua zaidi ya idadi hiyo, na kisasi hicho hakikupewa nafasi katika picha ambazo serikali ilisambaza duniani. Watu wengi hulisimulia jambo la Lari kana kwamba lilizuka usiku mmoja kutoka kichaka cha chuki. Mimi nalisoma kama hati ya ardhi ambayo maandishi yake ya kwanza yalitiwa zaidi ya miaka 13 kabla. Serikali ndiyo iliyofundisha majirani kwamba anayekubali kuhamishwa anapata shamba la yule anayekataa.

Aprili 24, 1954, operesheni ya Anvil iliifagia mitaa ya Nairobi. Makumi ya maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru walikamatwa, na wengi wakapakiwa treni kuja huku kwetu: kambi ya Mackinnon Road na kambi ya Manyani, kaskazini ya Voi, kwenye nyika ya Tsavo. Manyani ilishika zaidi ya watu 10,000, na mwaka huohuo homa ya matumbo ikaua wengi. Huko walichujwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia, na kila mmoja akapewa rangi: weupe, kijivu, weusi. Rangi hiyo iliamua kama mtu atarudi nyumbani, atavunjwa kazini au atapelekwa mbali zaidi, hadi Hola, ambako Machi 3, 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Watu wa Taita waliona magarimoshi hayo yakipita. Reli ileile iliyobeba wanajeshi wa 1916 ilikuwa sasa inabeba watu wanaotoka kwenye mashamba yao.

Nini kiliendelea kwenye mashamba hayo? Serikali ilikwisha kujipa madaraka ya kutwaa ardhi ya viongozi wa msituni, Dedan Kimathi akiwa miongoni mwao. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa katika vijiji vya lazima, wakazungushiwa mitaro na miiba. Halafu ukaja mpango wa Roger Swynnerton wa 1954: kuunganisha vipande vya ardhi vya kila ukoo viwe shamba moja, kulipima, kutoa hatimiliki, kuruhusu kahawa na ng'ombe wa maziwa. Kama kazi ya kilimo, mpango ule ulikuwa na akili, na matunda yake yanaonekana Kenya ya Kati mpaka leo. Lakini ulitekelezwa wakati wenye madai wengi wako vizuizini. Mpango wenyewe ulikiri kwamba watakuwapo wenye ardhi na wasio na ardhi, na ukaiona hali hiyo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo. Kamati za kuamua mipaka zilijaa machifu, wazee wa serikali na homugadi. Mtu aliyekuwa kizuizini alisemewa na mke wake, kama aliruhusiwa kusema, au na ndugu aliyekuwa na sababu zake za kunyamaza. Huko Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, hila zilizidi mpaka kazi ikabidi irudiwe.

Mtiifu alipewa cheti. Mwenye cheti alisafiri bila kibali, alisamehewa kodi maalumu iliyotozwa makabila hayo 3, na mwaka 1957, Waafrika walipochagua wabunge kwa mara ya kwanza, Mkikuyu asiye na cheti cha utiifu hakupiga kura. Ardhi, biashara, elimu ya watoto na kura vilipita mlango mmoja. Huko Amerika watiifu walikuwa upande ulioshindwa, wakasafirishwa nje. Huku walikuwa upande ulioshinda msituni, nao wakapandwa palepale, katika mipaka mipya, juu ya majirani zao.

Sitaki kumhukumu kila homugadi. Wapo waliojiunga kwa sababu ndugu yao alikuwa ameuawa usiku. Wapo waliojiunga kwa sababu mwenye bunduki wa serikali alikuwa karibu kuliko mwenye bunduki wa msituni. Wapo Wakristo waliokataa kiapo cha Mau Mau kwa imani tu. Na wapo waliomtaja jirani kwa kuwa mpaka wao wa shamba ulikuwa na ugomvi. Watoto na wajukuu wao hawana hatia. Ninachokikataa ni ile hoja kwamba hati iliyotoka katika miaka ile ni safi kwa vile ina muhuri, na kwamba aliyekosa hati alikosa kwa uvivu.

Uhuru ulipofika, mlowezi mzungu naye alihamishwa, na kwa utaratibu uliofanana sana na ule wa 1783. Kuanzia 1962, chini ya mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba yalinunuliwa kwa fedha za Uingereza na mikopo mingine, mzungu akalipwa bei, akaenda Afrika Kusini, Australia au kwao, na familia kama 35,000 zikapewa makazi kwa mkopo ambao zilitakiwa kuulipa. Mwenye akiba na mwenye kujuana na ofisa ndiye aliyeanza mbele, na mara nyingi huyo alikuwa yule wa cheti. Wapiganaji waliotoka msituni Desemba 1963 na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, walikuta meza imekwisha kuandaliwa. Serikali ya Uingereza ilikiri mateso Juni 2013 na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Malipo yalikuwa ya mwili uliopigwa. Ardhi haikutajwa.

Turudi Taveta. Baada ya vita vya kwanza, nchi hii iliyopiganiwa haikurudi kwa wenyewe. Ardhi bora, yenye maji ya mto Lumi na chemchemi zinazotokana na Kilimanjaro, ikawa mashamba ya mkonge. Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri na kwa kuwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, alimiliki sehemu kubwa ya Taveta. Katika miaka ya 1930 alijenga jumba lake juu ya kilima, na jumba hilo bado linaonekana kutoka mbali. Kwa Wataita wa mlimani hali ilikuwa ya aina moja: mashamba ya Mwatate na Wundanyi yalitwaliwa, na mwaka 1939 Woresha Mengo na wenzake waliunda Taita Hills Association kuyadai. Mwaka uliofuata chama kikapigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association, viongozi wakafungwa, kwa madai kwamba wanahujumu vita. Vita vya pili navyo vilikuja na kipimo chake cha utiifu, na anayeuliza habari za ardhi alikuwa ameshindwa mtihani. Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo, ambayo leo inashika zaidi ya nusu ya eneo la kaunti ya Taita Taveta.

Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Taveta yalinunuliwa na familia chache zenye uwezo na majina. Mpango wa kuwapa wananchi ardhi, uliobadilisha sehemu za Bonde la Ufa na Nyandarua, ulifika Taveta kwa matone. Maskwota wa Taveta ni wajukuu wa watu waliokuwapo kabla ya Grogan na kabla ya Malleson. Hawakuwa waasi wala hawakuwa watiifu walioandikwa. Hilo ndilo lililowaponza. Katika Kenya ya kikoloni ardhi ilitolewa kwa mzungu, kisha kwa Mwafrika aliyehitajika vitani, kisha kwa Mwafrika ambaye serikali mpya ilimwogopa akikosa. Mtaveta na Mkasigau hawakuogopwa na mtu.

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria ikazitaja kuwa ni zile zilizotendeka kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010. Mwaka 1915 wa Wakasigau umo. Vigingi vya mkonge vya Taveta vimo. Kikwazo kilikuwa kwamba marekebisho ya 2016 yaliweka miaka 5 tu ya kupeleka madai. Tume ile ya London ya baada ya 1783 iliwapigia hesabu watiifu wake kwa miaka kadhaa kwa makarani na maofisa waliotumwa hadi Amerika kusikiliza ushahidi. Mzee wa Rukanga, Kasigau, au wa Jipe, Taveta, ambaye ushahidi wake ni kaburi la babu lililo ndani ya ua wa shamba la mkonge, alitakiwa aandike dai, atafute wakili, apate nyaraka za Nairobi na London, katika muda huo mfupi.

Nasema kusiwe na ukomo wowote kwa madai ya jamii nzima, na Tume ya Taifa ya Ardhi isingoje kuletewa. Iende Kasigau na Taveta na daftari zake, ianze kwa kuweka mezani amri zilizowahamisha watu na hati za kwanza za mashamba, zisomwe hadharani kwa Kitaita, Kitaveta na Kiswahili. Baadhi ya hati za kukodi za zama za ukoloni zimekuwa zikimalizika muda wake, na Katiba imewapunguzia wageni muda wa kukodi hadi miaka 99. Kila hati inapofika mwisho ni nafasi ya kuuliza ilipatikanaje, na swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kalamu ya kuihuisha kushikwa.